Jina la Bwana Taratibu

Machogu alirudi kutoka Keya, jeshi la Mwingereza, mwezi wa nne, mwaka wa arobaini na tano, masika yakiwa yameshika kweli kweli, na siku hiyo hiyo ya kwanza Bonareri aliona kwamba kaka yake hali chakula na watu.

Wengine hawakuona. Wangeona saa ngapi? Nyumba ilikuwa imefurika majirani wa Marani, mama yao Nyanchera analia huku anaimba nyimbo za kanisani, na mzee Mogaka, kaka mkubwa wa marehemu baba yao, anawauliza wageni kama walipata kuona askari mwenye mabega kama yale. Ugali wa wimbi ulisongwa, kuku wawili wakachinjwa, wanaume wakakizunguka kikapu kimoja kama ilivyo desturi. Machogu akasema tumbo lake halijakaa sawa, akatoka. Baadaye Bonareri alipokwenda nyuma ya ghala kutafuta kuni kavu alimkuta amechuchumaa, anakula ugali uliopoa juu ya jani la mgomba, mgongo ameupa nyumba. Alipomaliza alilikunja lile jani akalisukuma kwenye kijimoto alichokiwasha mwenyewe, akakaa akilitazama mpaka likawa majivu.

Bonareri aliokota kuni zake akarudi jikoni. Hakuwa mtu wa kuuliza haraka. Shuleni kwa wamisheni alisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu alikuwa akimwambia mama yake, "Huyu wako haulizi. Anaikodolea hesabu macho mpaka hesabu yenyewe inachoka."

Kwamba Machogu alifungwa, watu wote walijua. Kikosi chao kilikataa kutembea porini bila viatu wakati wa mvua, wakachaguliwa kumi na wawili, wakapewa miezi sita katika gereza la jeshi, huko nchi kame ya kaskazini. Abdirashid naye alikuwa katika hao kumi na wawili. Abdirashid alikuwa mwana wa Luul, Msomali mwenye hoteli ndogo ya chai pale mjini Kisii. Yeye na Machogu walijuana tangu Machogu akimpelekea mama yake Abdirashid ndizi za kuuza, na siku ya kuandikwa jeshini walikwenda pamoja, wakicheka. Machogu alirudi. Kwa Luul ilikuja barua tu: mwanao alikuwa anatoroka gerezani usiku, akaanguka kutoka ukutani, akafa.

Wiki mbili Bonareri akamtazama kaka yake. Alikunywa maji kwa kibuyu kilichovunjika mdomo, na kibuyu hicho alikificha mahali pake. Mtoni, aliteremka kuoga chini kabisa, mbali na pale watu wanapoteka. Mtoto wa jirani alipomkimbilia mikono juu, abebwe, Machogu alirudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeona nyoka. Alilala kibarazani, mvua ikimrushia matone, na mama alipomwambia aingie ndani alijibu kwamba amezoea baridi.

"Wamemroga huko," Nyanchera akasema. "Waganda wana uchawi. Tutamwombea Sabato."

"Gereza la jeshi halina Waganda watupu, mama."

"Basi walioko. Kwani wewe ulikuwako?"

Asubuhi moja Machogu alikuwa amebeba mtungi wa maji begani, anapita mlangoni, na mama yake, kwa mapenzi tu, akamwambia, "Taratibu, mwanangu." Mtungi ulianguka ukapasuka. Machogu alisimama wima, mikono imeshikana na mapaja, kidevu juu, macho yanatazama mbele pasipo kitu, na maji yanamtiririka miguuni. Alisimama hivyo mpaka Bonareri alipomshika mkono.

Siku hiyo Bonareri alimfuata mzee Mogaka kwenye shamba lake la wimbi. Alimsaidia kupalilia mstari mzima kabla ya kufungua kinywa.

"Mzee, zamani mtu aliyemuua mtu alikuwa anakula wapi?"

Mogaka aliegemea jembe. "Kanisani wamewafundisha maswali ya namna hii?"

"Nauliza tu."

"Alikula peke yake. Chakula chake na chako havikai chungu kimoja, la sivyo damu inawafuata watoto wenu. Mpaka atakaswe."

"Anatakaswaje?"

"Mbuzi. Watu wake wanakaa hapa, watu wa marehemu wanakaa pale, nyama inachomwa bila chumvi, mnakula pamoja, inakwisha. Lakini lazima watu wa marehemu wawepo. Bila wao mmechinja kitoweo tu."

"Na kama watu wa marehemu ni Waislamu wa mjini?"

Mzee alimgeukia. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha ulimtoka usoni wote. Alitema mate pembeni. "Basi huyo mtu ana taabu," akasema, akainama kupalilia, na hakuuliza ni mtu gani.

Bonareri alimkuta Machogu kwenye migomba, anakata majani makavu. Alikaa chini. Alingoja mpaka panga likapumzika.

"Ni Abdirashid," akasema.

Machogu hakukana. Alikaa chini naye, akaliweka panga mbali, na maneno yakaanza kumtoka kama maji machafu yanavyotoka kwenye mfereji ulioziba, kidogo, yakakwama, kisha mengi kwa pamoja.

Gereza lile lilikuwa na sajenti mmoja Mzungu. Hakuwa mtu wa makelele. Wengine walipiga kelele na kutukana, yeye alisema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa, na neno lake la Kiswahili lilikuwa moja: taratibu. Wafungwa walimwita hilo hilo, Bwana Taratibu. Alikuwa anajaza mchanga kwenye madebe, mnazunguka uwanja na debe kichwani tangu jua likichomoza, na maji ni kikombe kimoja adhuhuri. Anayeanguka hapigwi na askari. Anapigwa na mfungwa mwenzake, tena rafiki yake, maana Bwana Taratibu alikuwa anaangalia nani anakaa na nani. Anampa rafiki mpini wa sururu. Ishirini. Na aliye chini ahesabu mwenyewe kwa sauti. Ukipiga kwa huruma, anasema taratibu, mnaanza tena moja.

"Abdirashid alikuwa na homa siku ya tatu," Machogu akasema. "Aliangusha debe. Nilipewa mpini. Nikapiga kwa huruma. Tukaanza tena moja. Nikapiga kwa huruma tena. Tukaanza tena. Mara ya tatu Abdirashid mwenyewe akaniambia, 'Piga, ndugu yangu. Piga kweli tumalize, nina kiu.'"

Bonareri alishika nyasi.

"Nikapiga kweli. Alihesabu mpaka kumi na nne. Kumi na tano hakusema. Bwana Taratibu akaniambia endelea. Nikaendelea, Bonareri. Hakuna aliyehesabu lakini nikaendelea."

Kisha walimtia Machogu korokoroni, na asubuhi wakamwambia: huyu aliruka ukuta. Umesikia? Aliruka ukuta.

*

Jumatatu ya soko Bonareri alibeba ndizi kwenda mjini kama kawaida. Luul alikuwa mlangoni pa hoteli yake, mtandio umemtoka kichwani nusu, anagombana na mteja juu ya chai kuwa nyepesi.

"Binti wa Marani! Ndizi gani hizi, zimefunga Ramadhani kuliko mimi?"

"Mvua, Mama Yakub. Zitanenepa."

"Mvua, mvua. Wakisii nyinyi mvua kwenu ni kama jina la ukoo." Luul alicheka, lakini macho hayakucheka. Tangu ile barua ije macho yake hayakucheka tena. Watu wa msikitini walimpa pole kwa sauti ndogo, ile sauti ya kumpa pole mama wa mwizi. Mtoro. Mwana wa marehemu Warsame, mtu aliyeheshimiwa na wafanyabiashara wote wa ng'ombe, amekufa akikimbia kama kuku. Yakub, mwanawe wa pili, ambaye kwa jina lake watu sasa walimwita Luul, alikuwa amepigana mara mbili sokoni kwa ajili ya neno hilo.

"Kaka yako amerudi, nasikia," Luul akasema. "Mbona hajaja kunisalimu? Alikuwa analala hapa kwangu. Alikuwa anamaliza sambusa zangu."

Bonareri alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake njia nzima. Hayakutoka hata moja. Alisema, "Atakuja," akaenda zake, na ndizi mbili zilizobaki hakuziuza.

Lakini huko kwenye baraza la chifu wiki hiyo hiyo neno lilitangazwa. Serikali imesikia kwamba katika magereza fulani ya jeshi watu wamekufa wengi kupita kiasi. Daktari mmoja wa misheni aliandika barua, barua ikafika mbali. Sasa anakuja Meja, atakaa bomani Alhamisi ijayo, na kila aliyefungwa huko aje aseme alichokiona.

"Nisiende," Machogu akasema. "Nikisema wengine wamefanya, nitaulizwa mimi nilifanya nini."

"Usiende," Bonareri akasema. Alimtaka kaka yake hai. Hakuwa na haki kubwa kuliko hiyo moyoni mwake. "Lakini twende kwa mama yake. Umwambie yeye tu. Halafu mbuzi atachinjwa, utaingia ndani, utakula."

Walikwenda siku ya pili yake, mchana, hoteli ikiwa haina watu. Machogu alisimama kizingitini, akakataa kuingia.

"Ingia, mwanangu! Umekuwa mgeni? Yakub, mletee chai."

"Mama, siwezi kunywa kwako."

Akasema yote akiwa amesimama pale pale, mvua inamgonga mgongoni. Alisema kama alivyomwambia Bonareri, hakuacha hata ile "nina kiu". Yakub alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole, kisha akaruka, akamkaba Machogu koo, wakaanguka wote matopeni, na Machogu hakuinua mkono kujikinga. Alilala tu chini, anapigwa ngumi za uso.

"Yakub!" Luul alimshika mwanawe nywele, akamvuta kama mbuzi. "Mwache! Mwache nimuulize! Ukimuua nitamuuliza nani?"

Yakub alikaa ukutani akilia kwa kwikwi. Luul alisimama juu ya Machogu.

"Alihesabu mpaka ngapi?"

"Kumi na nne."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya mtu mzima, mama. Mpaka kumi ilikuwa ya mtu mzima."

"Na ukuta?"

"Hakuna ukuta. Ni seng'enge. Na hakuweza hata kutambaa, ataruka nini?"

Luul alikaa chini kwenye tope pamoja nao. Alivuta mtandio akajifunika uso, akakaa hivyo. Bonareri, kwa sauti ya kubabaika, akaanza kueleza habari ya mbuzi, nyama isiyo na chumvi, watu wake huku na watu wetu kule. Luul aliufunua uso.

"Mbuzi?" akasema. "Unataka nile mbuzi nimalize? Sitaki mbuzi wako, binti. Damu ya kaka yako pia sitaki. Mimi nataka aende Alhamisi. Aseme mbele ya hao Wazungu, niko pale, nasikia kwa masikio yangu haya. Mwanangu si mtoro. Waandike."

"Watamnyonga, Mama Yakub."

"Na wangu walimfanya nini? Walimkanda?"

Machogu alikuwa ameinuka, damu imemjaa mdomoni. "Nitasema," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alimtazama mtu usoni. "Nitasema, na Bwana Taratibu nitamtaja. Ataandikwa kabla yangu."

*

Hilo ndilo Bonareri alilolishikilia siku zote zilizobaki. Kwamba aliyetoa amri ataandikwa juu, na aliyeshika mpini kwa kulazimishwa ataandikwa chini, na hakimu yeyote mwenye akili ataona tofauti. Alimwambia mama yake hivyo. Nyanchera hakutaka kusikia. Alhamisi asubuhi alijilaza kwenye mlango wa ua, kitambaa cha Sabato kichwani, akamwambia mwanawe amkanyage apite. Machogu alipiga magoti, akamwinua kama anavyoinuliwa mgonjwa, akamkalisha pembeni kwenye nyasi, kisha akapita. Yeye aliyekuwa haguswi wala hagusi! Nyanchera aliitazama mikono yake mwenyewe pale alipokuwa ameshikwa, akapiga ukunga, na ukunga ule ukawafuata mpaka walipovuka mto.

Bomani waliitwa watu watano wa wilaya nzima waliotoka gereza lile. Alifika Machogu peke yake. Meja alikuwa mtu wa makamo, nywele zimeanza mvi, mpole. Alimpa Machogu kiti. Bonareri na Luul waliruhusiwa kukaa kwenye benchi karibu na mlango, Yakub akabaki nje. Mkalimani alikuwa Andrew, karani wa boma, shati lake limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alisoma misheni moja na Bonareri, mbele yake madarasa mawili.

"Dada, umekuja kufanya nini hapa?" Andrew akamnong'oneza kwa Kikisii. "Hapa si mahali pa wanawake."

"Nimekuja kusikiliza. Tafsiri vizuri."

Machogu alieleza. Andrew akawa anatafsiri, mwanzoni kwa sauti ya kazi, baadaye sauti ikaanza kumkauka, akaomba maji. Meja alikuwa anaandika. Bonareri hakuangalia uso wa mtu, aliangalia kalamu. Kalamu ilikwenda vizuri kwenye viatu na mvua. Kwenye debe la mchanga ilikwenda. Ilipofika kwa Bwana Taratibu ikasimama.

"Anauliza jina lake," Andrew akasema.

"Bwana Taratibu."

"Jina lake la kweli."

"Sisi tulimwita hivyo. Yeye alituita namba. Nani angemuuliza jina?"

Meja alivuta karatasi nyingine. Akasoma majina, moja moja, sita, ya masajenti waliowahi kukaa gereza lile miaka miwili hiyo. Baada ya kila jina alinyanyua macho. Machogu alisikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ya ndege. Alitikisa kichwa. Hakuwa ametikisa kwa kukataa, alikuwa hajui.

"Anauliza alikuwaje."

"Mrefu. Mwekundu. Macho yake kama maji. Anasema polepole."

Meja alisema kitu kifupi. Andrew akasita kabla ya kukitafsiri. "Anasema hao wote sita ni warefu na wekundu."

"Nionyesheni uso wake! Nileteeni hao sita hapa, nitamwonyesha kwa kidole hata nimefumba macho, kwa sauti tu!"

Jibu lilikuja. Wawili wako Bama vitani, mmoja amekwenda kwao Ulaya, wengine wamehamishwa. Haiwezekani. Sasa, je, siku ile mpini ulikuwa mkononi mwa nani?

Bonareri alitaka kupiga kelele. Machogu aliitazama mikono yake.

"Mwangu," akasema.

Na kalamu ikakimbia. Bonareri aliiona ikikimbia, mistari mitatu, minne, bila kupumzika, kama ng'ombe aliyeona lango limeachwa wazi.

Ilipokwisha Andrew alipewa karatasi aisome kwa Kiswahili. Alisoma vizuri, alikuwa msomaji mzuri tangu shuleni. Kwamba mfungwa fulani alipigwa na mfungwa mwenzake kwa mpini wa sururu, akafa. Kwamba habari ya kutoroka si kweli. Kwamba aliyepiga amekiri kwa hiari yake.

"Na sajenti?" Bonareri akasema. Alikuwa amesimama bila kujua. "Andrew, umeruka mstari. Sajenti yuko wapi?"

"Sikuruka, dada. Hayupo."

"Mwambie amwandike."

Andrew alisema, Meja akajibu kwa upole ule ule, akimtazama Bonareri kama anamwonea huruma kweli. "Anasema mtu asiye na jina hawezi kuandikwa kwamba ametenda kosa. Anasema sheria inamlinda kila mtu, hata huyo." Kisha Andrew akaongeza kwa Kikisii, haraka, macho yakiwa kwenye karatasi, "Asitie kidole hapa. Mwambie asitie. Bila kidole hawana kitu."

Machogu alisikia. Bonareri aliona bega lake likishuka, akapumua. Hatatia. Watarudi Marani. Atakula juu ya majani maisha yake yote, lakini watarudi.

"Bila kidole hiyo karatasi inakwenda wapi?" Luul akauliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema.

"Inachanwa, mama. Leo saa sita Meja anafunga, anakwenda wilaya nyingine."

"Na ile ya ukuta?"

"Inabaki kama ilivyokuwa."

Luul hakuomba. Wala hakumtazama Machogu. Alitazama dirisha, mvua ya nje, mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Machogu ndiye aliyemtazama yeye. Alimtazama mpaka Meja akaangalia saa.

Kisha akanyoosha mkono kwenye kibati cha wino.

Bonareri alimrukia. Alimshika kidole gumba kwa mikono yote miwili, wino ukawapaka wote. "Machogu! Wameandika wewe tu! Wewe peke yako! Yeye hayumo!"

"Najua."

"Basi unatia kwa nini?"

"Mimi nimo lakini Abdirashid ametoka. Niache, dada yangu. Ukutani ametoka."

Alimfungua vidole kimoja kimoja, bila nguvu, akabonyeza karatasi. Meja alipuliza wino ukauke.

*

Walimpa miaka saba. Wakili wa kumtetea alikuwa ofisa kijana ambaye hakujua Kiswahili. Gereza lenyewe, safari hii la raia, lilikuwa mbali, upande wa ziwa, na Nyanchera hakwenda kumwona hata mara moja. Alisema hana mtoto huko. Usiku na mchana alikaa kibarazani pale Machogu alipokuwa analala.

Karatasi ya Luul ilikuja baada ya miezi mitatu. Yakub aliisoma msikitini mbele ya watu, na sala ikasomwa kama inavyostahili. Bonareri alisikia habari hiyo sokoni. Alipita hotelini, akasimama mlangoni.

"Wameniandikia," Luul akasema. "Si mtoro."

"Nimesikia, Mama Yakub."

"Kaka yako anakula?"

"Sijui. Hawatuambii."

Luul alichagua ndizi. Alichagua muda mrefu, akizigeuza moja moja. "Nikikutazama nakuchukia," akasema, si kwa hasira. "Halafu usipokuja nauliza umepatwa na nini. Sijui nifanye nini na wewe. Lete ndizi."

Jioni ya siku ile ya bomani, kabla hata ya kunawa wino, Bonareri alikuwa amechukua daftari lake la shule na kuandika majina aliyoyasikia kwa Meja. Kichwa chake kilikuwa kimekamata manne. Aliyaandika kama yalivyosikika sikioni, maana Kiingereza hakukijua. Mawili yalimpotea. Alipoteza usingizi akiyatafuta, alirudi kwenye benchi lile kwa mawazo, akaisikia sauti ya Meja, akaona Machogu anatikisa kichwa, na majina hayaji.

Jumatatu baada ya kuuza ndizi akaanza kwenda bomani. Alikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi mpaka Andrew alipotoka kwenda kula. Jumatatu ya kwanza Andrew alijifanya hakumwona. Ya pili alimwambia aende nyumbani, anamtafutia balaa. Ya tano alipita karibu naye, akainama kufunga kamba ya kiatu, akasema jina moja, akaenda. Bonareri aliliandika kwenye kiganja kwa mkaa.

Sasa alikuwa na matano, bado moja.

Mwezi wa kumi na mbili alipata ruhusa ya kumwona kaka yake. Alisafiri siku mbili. Machogu alikuwa amekonda, nyuma ya waya, na Bonareri akafungua daftari akamsomea majina matano, polepole, mara mbili. Machogu aliinamisha kichwa akasikiliza kwa bidii, kipaji cha uso kimekunjana, anataka kumsaidia dada yake.

"Hapana," akasema mwishoni. "Labda yumo. Sijui. Mimi nina uso, Bonareri. Nina sauti. Naisikia hata sasa hivi. Jina sina."

"Mimi nina majina."

"Ndiyo."

Askari akasema muda umekwisha.

Jumatatu iliyofuata alikuwa tena kwenye nyasi za boma. Askari wa langoni alikuwa mpya, hakumjua. Alimzunguka mara mbili, rungu kwapani, kisha akasimama mbele yake.

"Wewe mama wa ndizi. Wanasema unakuja kila wiki. Unamtaka nani humu ndani?"

"Sijui anaitwaje," Bonareri akasema. "Nimekuja kuuliza."

"Humjui jina na unamtafuta?" Askari akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. "Basi utakaa hapo mpaka uote mizizi."

Bonareri alisogea kidogo kuwapisha, akaliweka daftari chini ya leso ili lisilowane, akakaa.